Chevelle SS 454 ya 1970: nitajuaje kama ni ya kweli?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Columbus, Ohio. Mzee jirani yangu ananiuzia Chevrolet Chevelle SS 454 ya 1970, ile ya mwendo kasi yenye injini kubwa ya inchi za ujazo 454. Anadai ni LS6, yaani 454 ile yenye nguvu zaidi, na injini ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, kwa hiyo anataka bei ya mnadani. Nitahakikishaje? Tena nasikia bei zinashuka.

JIBU: Nzuri, ndugu. Bei iache kwanza, anza na namba. Namba ya chasi ya Chevelle za mwaka huo haikuambii kama gari ni SS. SS na Malibu (Chevelle isiyo SS) ya V8 ya milango miwili zote huanza na 13637. Malibu ya kawaida ikibandikwa nembo za SS na kutiwa 454 ya kuokoteza, kwa macho hutaitambua, na za namna hiyo zimejaa sokoni.

Fungua boneti, futa grisi mbele ya kichwa cha silinda upande wa abiria. Pana kibapa chenye namba zilizogongwa. T0212CRV, kwa mfano, ni injini iliyoundwa kiwanda cha Tonawanda, New York, tarehe 12 Februari. CRV ni LS6 ya gia za mkono, CRR ni ya otomatiki. Karibu yake pawe na tarakimu zinazolingana na mwisho wa namba ya chasi. Mulika tochi uukague na uso wa chuma: wa kiwandani una mikwaruzo myembamba iliyolala sambamba. Ukikuta umesuguliwa ukawa laini, shuku kwamba namba ziligongwa upya.

Halafu mwulize karatasi ya oda ya kiwandani, ile iliyoorodhesha vitu gari lilivyoagizwa navyo. Nyingi zilibaki juu ya tangi la mafuta, zimeliwa na kutu na panya. Mwenye Ford Mustang ya 1967 na kuendelea ananunua ripoti ya Marti, inayotolewa kutoka kumbukumbu za kiwanda cha Ford, mambo yamekwisha. Kwa Chevrolet zilizouzwa Marekani hakuna kumbukumbu kama hiyo.

Kuhusu bei, zilipaa 2021 na 2022, kisha zikapoa. Wauzaji hupenda kutaja ile Plymouth Hemi 'Cuda ya 1971 ya paa la kukunja, iliyouzwa dola milioni 3.5 kwenye mnada wa Mecum mwaka 2014. Hizo hazikufika hata 15 duniani. LS6 ziliundwa kwa maelfu. Tena bei inayotangazwa baada ya mnada kwa kawaida imeshabeba kamisheni ya mnunuzi, aghalabu asilimia 10. Mzee hapeleki gari kwa dalali, basi hiyo ikate. Na kibapa kikikutia shaka, mpe bei ya Malibu nzuri yenye 454, usiongeze.