Jibu: Kipanya cha Bluetooth au cha kidude cha USB?

Mkuu, umesema laptopu yako ina matundu mawili tu ya USB na hujui uchukue kipanya cha Bluetooth au kile cha kidude cha kuchomeka. Kwa hali hiyo mimi ningechukua cha Bluetooth bila kusita, ili mradi laptopu iwe nayo. Kidude kina raha yake: unachomeka, kinafanya kazi hapo hapo. Lakini kinakula tundu moja, na kikipotea, kipanya chako mara nyingi kinabaki pambo.

Ukiamua kuchukua cha kidude, jihadhari na kitu kimoja ambacho wengi hawakijui. Kinatumia masafa ya redio ya 2.4 GHz, na vifaa vya USB 3.0 (ile USB ya kasi zaidi) hutoa kelele za mawimbi zinazovuruga masafa hayo hayo. Chomeka diski ya nje pembeni yake uone mshale unavyorukaruka! Watu hulaumu betri bure. Dawa yake ni kuhamishia kidude upande wa pili, au kukisogeza mbali kwa waya mfupi wa kuunganishia.

DPI, yaani kipimo cha jinsi mshale unavyokwenda mbali ukisogeza kipanya, isikuumize kichwa. 1000 hadi 1600 zinatosha kwa kazi za kawaida. Kipanya chenyewe kishike kwanza, maana vile vyembamba vya kubebea vinachosha mkono ukikaa navyo kutwa. Meza ya kioo? Weka pedi ya kipanya.

Cha kuchaji nacho kikague tundu liko wapi. Magic Mouse ya Apple inachajiwa kwa chini, kwa hiyo huwezi kuitumia ikiwa kwenye chaji.