Pila ya gari yako ikipiga kelele, usikubali itiwe skrubu

Kelele ilianza kama wiki tatu hivi baada ya kubadilisha kioo cha mbele. Krr, krr, krr, kila nikipanda tuta, na wewe kama wajua njia ya Malindi kwenda Gede wajua matuta yalivyo, na sauti inatoka hapa hapa kulia karibu na sikio langu. Kioo chenyewe kilipigwa na kokoto la lori pale Matsangoni nikitoka Kilifi, ufa ukatembea mpaka upande wa pili kabla sijafika nyumbani, basi kesho yake nikakipeleka kwa watu wa vioo wakakitoa wakaweka kingine, nikaridhika manake mvua ikinyesha hakivuji.

Nikarudi kwao na ile kelele. Kijana akabonyeza bonyeza, akaniambia kioo hakina neno, ni pila tu imelegea, yaani ile plastiki inayofunika nguzo ya kioo kutoka dashibodi mpaka darini. "Ngoja nikukazie kaka." Akachukua skrubu ya mbao, ya mbao wallahi, akaizamisha kule juu, chini akapaka gundi, kelele ikaisha hapo hapo na hakunitoza hata shilingi, mi nikamnunulia soda kabisa. Miezi minane nimetembea na ile skrubu, asubuhi wanangu shuleni, mchana wageni kutoka eapoti kwenda Watamu, na kila mtu ananisifia gari halina kelele.

Aliyeniamsha ni ami yangu. Amekula chumvi kwenye magereji, siku hizi kapumzika. Ijumaa moja nikaenda kumchukua twende msikitini, akaingia, hata mkanda hajafunga akaniuliza, "We, nani kakupigilia msumari kwenye eabegi?" Nikamjibu si eabegi ami, eabegi, ule mfuko wa hewa unaojaa gari likigongwa, iko kwenye usukani, hiyo ni pila. Akanambia, "Soma hapo." Nikasogeza uso, kumbe kwenye plastiki kumechorwa herufi ndogo ndogo, SRS AIRBAG, nina hilo gari miaka minne na kila siku ziko kando ya jicho langu.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri manake ndipo wengi tunapokosea. Gari lenye eabegi za pazia, lile pazia limekunjwa jembamba kama mkeka uliosokotwa, limelazwa juu ya milango yote kuanzia nguzo ya mbele mpaka ya nyuma, na ncha yake ya mbele mara nyingi inashuka ndani ya pila. Ukigongwa ubavuni kati ya kichwa chako na kioo cha mlango hakuna nafasi, ni sentimita chache tu, kwa hiyo pazia lazima lijae haraka sana, kama sehemu 20 mpaka 30 za sekunde ukiigawa sekunde mara elfu, kope yako haijafunga na kufunguka lishashuka. Na ili lishuke lazima lisukume plastiki ya pila na ukingo wa dari lipate mlango wa kutokea.

Fikiria mwenyewe sasa. Kama plastiki imekazwa kwa skrubu na gundi, pazia litatokea wapi? Litakwama, au litatoka upande mmoja limepinda, au litaipasua plastiki na vipande viruke. Lakini na upande mwingine pia kuna balaa, kama plastiki imeshikwa na klipu yoyote tu ya kawaida, pazia likiisukuma itang'oka nzima iruke kwenye uso wako kama upanga, na wewe ndiye umekaa karibu nayo kuliko mtu yeyote.

Kwa hiyo waliotengeneza gari wameweka klipu maalum. Mi naziita klipu za mkia. Kichwa chake kinaingia kwenye tundu la bodi, na nyuma kuna kamkia ka plastiki ngumu kanakounganisha pila na bodi. Siku zote kichwa kinashika, pila imetulia. Pazia likilipuka kichwa kinaachia, pila inasogea kidogo, pazia linapita, halafu mkia unaikamata pila isiende popote. Yaani ni klipu iliyotengenezwa iachie, lakini iachie kwa adabu, kama kamba ya mbuzi, malisho atafika lakini shambani kwa jirani hafiki. Skrubu haijui kuachia na klipu ya kawaida haijui kukamata.

Tulipoifungua ile pila na ami ndio tukaona kisa chenyewe. Klipu mbili, zote mikia imekatika. Watu wa vioo waliivuta kwa nguvu siku ile, mkia ukakataa, wakaongeza nguvu, pa! Halafu wakairudisha hivyo hivyo. Na siwalaumu sana manake kwa nje huwezi kuona kitu, na plastiki ya gari lililolala miaka kwenye jua la Malindi inakuwa kavu kama biskuti, lakini kuniambia wangeniambia jamani.

Kabla hatujagusa chochote ami alizima gari, akatoa waya wa hasi wa betri, akasema tukanywe kahawa kwanza. Si uvivu. Mfumo wa eabegi unabaki na umeme kidogo hata betri ikitolewa, Toyota wanasema ungoje angalau sekunde 90, Honda wanasema dakika 3, sisi tulingoja vikombe viwili. Kisha akavuta ukingo wa pila taratibu kwa kipande cha plastiki, sio bisibisi, mpaka ikatoka kidogo. Ukisikia imetoka halafu imegoma usivute tena, huo ndio mkia. Kwa gari langu unaingiza plaier ya mdomo mrefu unaigeuza ile klipu robo ya mzunguko ndipo inatoka, gari lingine linataka ubonyeze, kila kampuni na njia yake kwa hiyo tafuta ya gari lako kabla hujaanza kuivuta pila.

Na klipu hizi nyingi ni za kutumika mara moja. Ukishaitoa, weka mpya, hata kama ya zamani unaiona nzima, manake mkia ukishavutwa huwezi kujua umechoka kiasi gani. Hapa mjini nilizunguka maduka ya spea sikuzipata, mmoja akanitolea boksi la klipu za rangi zote akaniambia bro hizi zinaingia kila gari. Zinaingia ndiyo, lakini mkia hazina. Nikatuma namba ya chesisi Mombasa, kesho yake zikaja kwa basi, na bei yake zote mbili haikufika sahani mbili za biriani.

Kama umeshabadilisha kioo, au umewekewa kamera ya dashi, trakera, spika ndogo za juu, yaani kitu chochote ambacho waya wake umepandishwa kwenye nguzo, muulize fundi maswali haya haya: klipu ziko wapi, na waya umepita wapi. Waya ukikatiza mbele ya pazia ni kama umelifunga kamba, unatakiwa upite nyuma yake ufungwe pamoja na waya za gari zenyewe. Akikujibu "usijali boss" basi hapo ndipo pa kujali.

Usichanganyikiwe kama gari la jirani ni sawa na lako lakini lake halina hizo herufi. Magari mengi tunayoagiza kutoka Japani eabegi za pazia zilikuwa za kulipia zaidi, mmoja alilipa mwingine hakulipa. Soma plastiki yako mwenyewe. Na angalia taa ya eabegi kwenye dashibodi, ukiwasha swichi iwake kisha izime baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa usifurahi, kuna wauzaji wanaizima makusudi ili usijue kuna tatizo.

Tukiwa bado kwenye hayo, kava za siti. Kama siti yako ina kilebo cha eabegi ubavuni, ile kava nzito ya ngozi iliyoshonwa pande zote inaifunika eabegi ya siti, mwambie fundi wa kava aache upande huo wazi au ashone ule uzi mwepesi wa kukatika. Na chupa ya manukato uliyoibandika juu ya dashibodi mbele ya abiria, hiyo ikirushwa itamkuta nani? Mke wangu alinisikia nikiyasema haya akazibandua zetu siku hiyo hiyo.

Pila sasa imetulia, kelele hakuna, tundu la skrubu bado lipo na watoto wanalichokonoa kwa kidole. Kilichonishinda ni kanzu. Mi Ijumaa nilikuwa natundika kanzu kwenye hanga, kwenye kile kindoano cha juu ya mlango wa nyuma, ili nifike msikitini imenyooka. Ami kaikataza, pazia linapita hapo hapo na ile hanga inageuka mshale, kitabu cha gari chenyewe kimeandika nguo utundike bila hanga. Nimejaribu bila hanga inadondoka, nimejaribu kuikunja kwenye siti, wiki iliyopita nilikaa safu ya mbele na mikunjo mgongoni kama ramani na mzee mmoja akaniuliza kama pasi yetu imeharibika.