Chagua Data Ambayo Mtazamaji Anaweza Kuibishia

Msimu wa mafunzo kwa vitendo ukifika, ofisi nyingi za programu hapa Arusha hupokea vijana, na kazi ya kwanza wanayopewa haitofautiani sana: tengeneza mfumo mdogo wa wavuti wa kuwaonyesha wateja tunaweza nini, data utafute mwenyewe. Chai haijapoa, kijana amerudi na orodha ya abiria wa Titanic, au vile vipimo vya maua 150 vya mwanatakwimu Fisher, vya mwaka 1936. Sina ugomvi na data hizo, zimefundisha watu wengi na mimi nimo. Lakini siku ya demo, yaani siku ya kumwonyesha mteja mfumo, anayekaa mbele ya projekta ni mhandisi wa maji kutoka Hai, au meneja wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa, au mwenye kampuni ya utalii kutoka Njiro. Kwa Titanic hana la kuuliza. Atasema "hongereni vijana", atamaliza soda yake, ataondoka.

Kwa hiyo chagua data ambayo mtazamaji anaweza kuibishia. Mpe mtu mfumo wenye ramani au kisanduku cha kutafutia, na kitu cha kwanza atakachofanya ni kutafuta kwao. Wa Marangu ataandika Marangu, wa Karatu ataandika Karatu. Asipokuta kitu, demo imeishia hapo hata kama msimbo wako ni safi. Akikuta, ataanza: "Hapana, hiki kilishakarabatiwa, tena nilikuwepo." Hapo ndipo mazungumzo ya kazi yanapoanza.

Kwa huku kwetu, data ninayoipendekeza mara nyingi ni ya vituo vya kuchotea maji Tanzania, iliyotoka Wizara ya Maji na jukwaa la Taarifa, kisha DrivenData, tovuti ya mashindano ya data, wakaiwekea shindano la kubashiri pampu zipi ni mbovu. Faili la mazoezi lina mistari 59,400. Kila mstari ni kituo kimoja: mkoa, wilaya, kata, kitongoji, nani alifadhili, nani alijenga, mwaka wa ujenzi na hali yake. Hali ziko tatu tu. Vinavyofanya kazi ni kama asilimia 54, vibovu 38, na vinavyofanya kazi lakini vinahitaji matengenezo ni 7. Kwa mfumo wa maonyesho huo ni mgawanyo mtamu, kwa sababu kitufe cha kuchuja kinaonyesha tofauti papo hapo. Usipakie nchi nzima, simu ya mteja itaganda. Chukua mkoa wa Kilimanjaro, vituo 4,379, na wa Arusha, 3,350, uishie hapo.

Uchafu wa data hii usiukimbie. Wanaoanza hupenda faili lililonyooka, na hilo ndilo linaloficha uwezo wa mfumo wako. Tazama mwaka wa ujenzi: mistari 20,709 imeandikwa sifuri. Ukichukua wastani bila kuangalia, utamwambia mhandisi kwamba kwa kawaida vituo vya maji vya Tanzania vilijengwa karibu mwaka 1300, miongo mitatu hivi kabla msafiri Ibn Battuta hajafika Kilwa. Kwenye safu ya wajenzi utakuta DANIDA, shirika la misaada la Denmark, na DANID, jina lilelile lililokosewa, kama watu wawili, na grafu yako itawachorea nguzo mbili. Mistari 1,812 ina longitudo sifuri, maana yake visima vya Tanzania vinaelea Ghuba ya Guinea. Usifute kimyakimya. Weka kwenye ukurasa idadi ya vituo visivyojulikana vilipo na vile visivyo na mwaka. Mteja mwenye akili atakuamini zaidi kwa mistari hiyo miwili kuliko kwa rangi zote ulizochagua, maana na yeye ofisini kwake ana faili la Excel lenye balaa hilohilo.

Jambo moja hapa si la hiari: tarehe. Rekodi hizi kwa sehemu kubwa ni za 2011 hadi 2013. Ukiweka alama nyekundu juu ya kijiji cha mtu bila kuandika mwaka, umesema kwamba leo hii hawana maji. Mwaka uandikwe palepale kwenye alama, usiuzike kwenye ukurasa wa "Kuhusu" ambao hakuna anayeufungua.

Na kwa kuwa tumegusa ramani: GeoJSON, muundo wa faili za ramani, hutanguliza longitudo; Leaflet, maktaba ya kuchorea ramani kwenye wavuti, hutanguliza latitudo. Ukizigeuza, Arusha inazama baharini karibu na pwani ya kusini ya Hispania. Moshi ina bahati, inatua nchi kavu, si mbali na Granada.

Data za sensa nazo ni nzuri, kila mtu ana mkoa wake. Mtego wake ni mipaka. Songwe ilizaliwa 2016 kutoka Mbeya, kwa hiyo ukibandika jedwali la zamani la 2012 kando ya lile la 2022 bila kurekebisha, Mbeya inaonekana kama watu wameikimbia. Chukua idadi na mipaka ya kipindi kimoja, basi.

Kwa mteja wa kahawa, tatizo ni vipimo. Bei ya mnada wa Moshi hutajwa kwa dola kwa gunia la kilo 50, soko la dunia hutaja senti kwa ratili, na mkulima wa Kibosho anafikiri kwa shilingi kwa kilo. Grafu iwe ya shilingi kwa kilo, na uonyeshe umetumia kiwango gani cha kubadilishia fedha. Vinginevyo meneja wa AMCOS ataitazama kwa heshima tu.

Watu wa utalii watataka wanyama, na iNaturalist, tovuti ambayo watu huweka kumbukumbu za viumbe walivyoviona, inao wengi. Ila fahamu kwamba spishi zilizo hatarini husogezwa kwa makusudi ndani ya mraba wa nyuzi 0.2 hivi, yaani kilomita 22 kila upande, majangili wasipate ramani ya bure. Kreta ya Ngorongoro yenyewe ina upana wa kilomita 20 hivi. Faru anaweza kuonekana nje kabisa ya kreta, na dereva wa safari atacheka. Ama uwaache faru, ama uandike kwamba mahali pamefichwa. Kutafuta njia ya kupata mahali halisi kusikupitie hata kichwani.

Leseni isome kabla hujaandika mstari wa kwanza wa msimbo. Kupakua bure si ruhusa ya kutumia utakavyo. Mipaka ya GADM, hifadhidata ya mipaka ya nchi na mikoa, kwa mfano, haitumiki kibiashara bila kibali, na demo ya kuvutia mteja ni biashara. OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, unaruhusiwa, mradi uwataje waziwazi. Na data zenye majina ya watu, namba za simu au matokeo ya wanafunzi ziache, hata ukizikuta wazi mtandaoni. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na isitoshe hakuna mteja anayefurahi kumwona mwanawe kwenye majaribio yako.

Ukishachagua, pakua faili, liweke kwenye mfumo wako mwenyewe, na uandike siku ulilolipakua. Usitegemee API (njia ya programu kuomba data mtandaoni) ya mtu wa mbali ijibu saa nne asubuhi ukumbi umejaa na bando linasuasua. Picha za ramani pia hutoka mtandaoni, watu husahau. Usiku wa kuamkia demo zima Wi-Fi, ufungue mfumo upya, uandike Marangu. Ramani ikibaki nyeupe, pika kahawa, bado una kazi.