Usibomoe bafu wiki ya mwisho kabla ya likizo

Zipo kazi za nyumbani zisizotakiwa kuguswa mpaka familia iende likizo na kurudi: kubomoa ukuta, kubadilisha vigae vya bafu, kupiga plasta upya, kuhamisha bomba, kupaka rangi vyumba vyote. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu ugomvi mkali kuliko wote katika ndoa yangu haukuhusu pesa, wala ndugu, wala malezi ya watoto. Ulihusu bafu. Safari ilikuwa imeshapangwa, watoto walikuwa wakihesabu siku, na ukuta wa bafu ulikuwa wazi, bomba la nyuma yake likivuja.

Fundi alikuwa amesema siku tatu, na hakutudanganya. Alikisia kazi aliyoiona kwa macho: kubandua vigae vya zamani, kubandika vipya, kujaza maungio na kusafisha. Kisichoonekana ni kiungio cha bomba kilichokuwa kikilowesha ukuta kwa ndani kwa muda mrefu, hata plasta ikawa inamomonyoka ukiigusa kwa kidole. Ikabidi plasta yote ya upande ule itolewe, kipande cha bomba kibadilishwe, plasta mpya ipigwe, ndipo vigae virudi. Siku tatu zikageuka kazi ya wiki kadhaa, na safari yetu iko katikati yake.

Tabia hii ya kukisia muda mfupi si ya mafundi peke yao. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliieleza mwaka 1979: mtu anapopanga kazi huangalia jinsi mambo yatakavyokwenda vizuri, akaacha kuangalia jinsi kazi za namna hiyo zilivyokwenda huko nyuma. Mwaka 1994 ulichapishwa utafiti ambao wanafunzi wa chuo kikuu waliulizwa watamaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walikisia siku kama 34. Walitumia kama 55. Hao walikuwa wanaandika tu, hakuna bomba lililojificha nyuma ya karatasi.

Kwa hiyo sasa simuulizi fundi kazi yangu itachukua siku ngapi. Namuuliza: kazi kama hii uliyoifanya mara ya mwisho, tangu siku ya kubomoa mpaka siku wenye nyumba walipoanza kuoga humo, ilichukua muda gani? Jibu la swali la pili huwa refu kuliko la kwanza, na ndilo la kuamini.

Halafu upo muda ambao hata fundi hodari hawezi kuupunguza. Saruji haiwi ngumu kwa kukauka. Inakuwa ngumu kwa kuungana na maji, ndiyo maana mafundi huimwagia maji siku za mwanzo, na ndiyo maana nguvu ya zege hupimwa siku ya 28. Plasta mpya ya saruji ikipakwa rangi mapema, unyevu na ukali wa saruji vinaisukuma rangi kutoka ndani: inafanya malengelenge, inabanduka, na wakati mwingine unga mweupe wa chumvi unaota juu yake. Ushauri wa kawaida ni kusubiri kama wiki nne. Gundi ya vigae kwa kawaida inahitaji saa 24 kabla ya kujaza maungio au kukanyaga. Silikoni ya kuzibia pembe za sinki na beseni huvuta unyevu wa hewani na kukomaa kuanzia juu kwenda ndani, milimita 2 au 3 kwa siku, kwa hiyo unaweza kuigusa ukaiona ngumu kumbe ndani bado ni laini, na ukifungua maji inaachia. Hata rangi ya maji, ambayo haishiki mkono baada ya saa moja au mbili, huchukua wiki kadhaa kukomaa kabisa; kabati likisukumwa kwenye ukuta huo mapema, likivutwa linaondoka na rangi.

Jumlisha saa na siku hizo, kisha uzilinganishe na tarehe ya safari. Tarehe ya safari haisogei. Saruji nayo haiharakishwi. Vitu viwili visivyokubali kusogea mkivikutanisha, kinachobaki cha kusogezwa ni ninyi wawili, na hapo ndipo ndoa inapoumia.

Niseme wazi ugomvi wetu ulihusu nini, maana nadhani nyumba nyingi wanagombana hivyohivyo. Mume wangu alitaka safari iahirishwe mpaka bafu liishe. Kwake, kuondoka na kuacha ukuta wazi kulikuwa ni kuitelekeza nyumba. Mimi nilitaka tuondoke. Kwangu, kuahirisha kulikuwa ni kuvunja ahadi mbele ya watoto. Tulikuwa tunabishana kuhusu vigae, lakini kila mmoja alikuwa anasikia kitu kingine: yeye alisikia kwamba kazi yake ya kuilinda nyumba haithaminiwi, mimi nilisikia kwamba familia inakuja baada ya ukuta. Hakuna fundi wa kurekebisha hilo.

Kilichotusaidia ni kunyamaza kwa muda kabla ya kuendelea. Mwanasaikolojia John Gottman, aliyetumia miongo mingi kuwachunguza wanandoa wakizungumza na kubishana, anaeleza kwamba mapigo ya moyo yakipita 100 kwa dakika katikati ya mabishano, mtu hasikii tena vizuri anachoambiwa, na anashauri mapumziko yasiyopungua dakika 20 kabla ya kurudi kwenye mazungumzo. Mapumziko hayo si ya kupanga hoja mpya. Ni ya kutembea, kupumua, kufanya jambo lingine kabisa. Tuliporudi mezani sikuanza na "wewe kila mara", nilianza na ninachokiogopa. Naye akaeleza chake. Baada ya hapo uamuzi ulikuwa mwepesi kuliko tulivyodhani: bomba lifungwe na kujaribiwa kwa maji, ukuta ubaki wazi ukauke, mlango wa bafu ufungwe, safari iendelee, kazi isimame mpaka turudi. Kumbe ukuta ulihitaji kukauka. Tulikuwa tunagombania siku ambazo hakuna mtu angeweza kuzitumia.

Wengine hushauri fundi aachwe afanye kazi wakati familia iko safarini, mkirudi mkute kila kitu tayari. Siafiki. Kazi ya nyumba ina maamuzi madogo kila siku: kigae hiki kimepasuka, tuendelee na hivi vinavyofanana? Bomba lipite chini au juu? Soketi iwe upande gani wa kioo? Ukiwa mbali, kila swali linakuja kwa simu, na linamkuta mmoja wenu akiwa na watoto na mwingine akiwa ameanza kupumzika kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Mmoja anajibu bila kumuuliza mwenzake. Mnarudi mnakuta kitu ambacho mmoja hakukikubali, na kimeshashikwa na saruji.

Likizo yenyewe nayo ina jambo ambalo wengi hatulijui. Mwaka 2010 mtafiti Jeroen Nawijn na wenzake walichapisha utafiti waliowafanyia watu wazima zaidi ya 1,500 wa Uholanzi. Waliokuwa wanatarajia kwenda likizo walikuwa na furaha zaidi kabla ya safari kuliko wasiokwenda. Baada ya kurudi, wengi wao hawakuwa tofauti na waliobaki nyumbani, isipokuwa wale ambao likizo yao ilikuwa ya utulivu sana. Ukilitafakari hilo, utaona kwamba wiki za kusubiri ni sehemu ya likizo, na huenda ndizo zenye utamu mwingi zaidi. Watoto wanapouliza kila jioni tutalala wapi, tutaona nini, nani atakaa dirishani, hapo likizo imeshaanza. Ukizijaza wiki hizo vumbi la plasta na sauti za kugombana, umeipoteza kabla hujafunga sanduku.

Ndiyo maana kwetu tarehe ya safari ikishawekwa, mwezi wa mwisho kabla yake hakuna kazi inayofungua ukuta, sakafu, dari wala paa. Kilichoharibika kinatengenezwa: bomba linalovuja, swichi inayotoa cheche, kitasa kisichofunga. Kinachotakiwa kupendeza tu kinasubiri. Mkitofautisha hayo mawili mapema, mabishano mengi hayazaliwi. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde huweza kupoteza maelfu ya lita za maji kwa mwaka, kwa hiyo hilo lishughulikieni leo. Rangi ya sebule imekuwa hivyo miaka yote, na mwezi mmoja zaidi hautamdhuru mtu.

Na hata zile kazi zinazoonekana ndogo, kutundika rafu au pazia usiku wa kuamkia safari, naomba ziachwe. Keekee ikitoboa bomba saa nne usiku, hakuna atakayelala. Nyaya za umeme kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi, au hupita mlalo zikiwa zimenyooka, na bomba mara nyingi hupita wima juu au chini ya koki. Hayo ndiyo maeneo ya kutotoboa kabisa, siku yoyote. Lakini lililo muhimu zaidi ni hili: mke na mume wote wawili wajue koki kuu ya maji ilipo na swichi kuu ya umeme ilipo, na kila mmoja awe amewahi kuzifunga kwa mkono wake. Katika nyumba nyingi anayejua ni mmoja, na siku ya bomba kupasuka ndiyo siku asiyokuwepo. Koki isiyoguswa miaka mingi inaweza pia kuwa imekwama. Heri mlijue hilo mchana, mkiwa mmetulia.

Kuna kazi moja ambayo ningetaka watoto wawe mbali inapofanyika: kupiga msasa rangi ya zamani. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi. Marekani, kwa mfano, ilizipiga marufuku kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978. Vumbi lake likimezwa au kuvutwa linadhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kama nyumba ni ya zamani na hujui rangi yake, usiipige msasa bila kuilowesha, na usiifanye kazi hiyo katika shamrashamra za kufunga mizigo, watoto wakiingia na kutoka. Panga siku yake, watoto walale kwingine, na vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe.

Siku ya kuondoka sisi tunazunguka nyumba pamoja, mimi na mume wangu. Mwanzo nililiona jambo dogo, lakini linaondoa ile "si nilidhani wewe umefunga" inayoharibu safari nzima. Koki kuu inafungwa, hasa kama kuna kiungio kipya cha bomba ambacho hakijamaliza hata mwezi. Vifaa vya umeme vinachomolewa. Kwenye kila mtaro wa bafu usiotumika mara kwa mara tunamimina maji, kwa sababu yale maji yanayobaki kwenye kona ya bomba la chini ndiyo yanayozuia harufu ya maji machafu kupanda, na yakikauka mkiwa mbali mnapokewa na harufu hiyo. Kama kuna kazi iliyosimama katikati, tunaipiga picha ilivyo, na tunaandika kwenye karatasi moja kilichobaki, nani ataongea na fundi, na tarehe ya kuanza tena. Baada ya hapo tunakubaliana kwamba bafu halitajwi njiani. Mwenye wazo jipya analiandika, analiweka.

Tarehe ya fundi kurudi haiwekwi kesho yake ya safari. Watu hurudi wamechoka, nguo ni chafu, shule inakaribia, na mtu aliyechoka akiona vumbi huanza kutafuta wa kulaumiwa. Sisi tunaacha siku kadhaa zipite. Kwanza tunaangalia ukuta umekauka kiasi gani: tunabandika kipande cha plastiki ukutani, tunakizungushia gundi ya karatasi pande zote, tunakiacha usiku kucha. Asubuhi kukiwa na matone chini yake, unyevu bado upo na vigae vinasubiri. Fundi tunamwambia ukweli huo bila kumsukuma, na tunakubaliana naye tangu mwanzo kwamba salio lake linamalizika baada ya bafu kutumika wiki nzima na upande wa pili wa ukuta kubaki mkavu.