Maswali na Majibu: Maore, Chagos na Mamlaka ya Nchi Ndogo

Kwa nini Komoro inaendelea kuidai Mayotte ilhali wenyeji walipiga kura kubaki Ufaransa? (Msomaji, Tanga)

Swali hili hunifikia mara kwa mara, na kila muulizaji huitaja kura bila kujiuliza ilikuwa kura ya nani. Tarehe 22 Desemba 1974 visiwa vinne vya Komoro, yaani Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore, ambayo wengi huiita Mayotte, viliulizwa swali moja vikiwa koloni moja la Ufaransa, na takriban asilimia 95 ya wapiga kura wakataka uhuru. Ni Maore pekee iliyokataa, kwa karibu theluthi mbili ya kura zake. Matokeo yalipokwisha kujulikana, ndipo Bunge la Ufaransa lilipotaka kila kisiwa kiamue peke yake. Kiongozi wa Komoro, Ahmed Abdallah, akatangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975, akapinduliwa kabla ya mwezi kutimia. Novemba mwaka huohuo Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro ikiwa na visiwa vyote vinne, na Februari 1976 Ufaransa ikapiga kura ya turufu katika Baraza la Usalama kuzuia azimio dhidi yake kuhusu Maore, kisha siku mbili baadaye ikaendesha kura ya maoni ya Maore peke yake.

Sidharau utashi wa Wamaore, ambao mwaka 2009 walithibitisha tena msimamo wao kwa zaidi ya asilimia 95. Ninachokataa ni mkoloni kubadili kipimo baada ya kuona mizani imemwelemea. Gharama yake inaonekana baharini, kwani tangu viza ya kuingia Maore ilipowekwa mwaka 1995, watu wa Nzwani wanaotaka kuvuka kilomita 70 hivi kuwafuata ndugu zao hupanda kwasa, yaani mashua ndogo, usiku, na wengi wamezama.

Basi kosa lote ni la Ufaransa? (Msomaji, Mombasa)

La. Mwaka 1997 Nzwani yenyewe ilijitenga na kuomba kurudi chini ya Ufaransa, ikakataliwa, na ilipoasi tena, Umoja wa Afrika ulilazimika kutuma majeshi Machi 2008, wakiwamo askari wa Tanzania. Watu hawakimbii bendera yao bila sababu. Mwaka huohuo serikali ya Komoro mjini Moroni ilipitisha sheria ya kuuza uraia, na pasipoti zikaishia mikononi mwa wakazi wa nchi za Ghuba ya Uarabuni wasio na uraia wa nchi yoyote, ambao wengi wao hawajawahi kuiona Komoro. Rais wa zamani Ahmed Abdallah Sambi alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2022 kwa sakata hilo. Nchi inayouza uraia wake kwa jumla isishangae ikidharauliwa mezani.

Kwa nini Zanzibar haimo CAF, Shirikisho la Soka Afrika? (Wasomaji watatu)

Ilipokewa Machi 2017 na kuondolewa Julai mwaka huohuo kwa hoja kwamba si nchi huru. Nimeshalijibu, na sitalijibu tena.

Je, Mauritius imeshinda kuhusu Chagos? (Msomaji, Muscat)

Imeshinda karatasini. Uingereza ilivikata visiwa vya Chagos, vilivyo katika Bahari ya Hindi, kutoka Mauritius mwaka 1965, kabla ya uhuru wa Mauritius wa mwaka 1968, na mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba ukataji huo haukuwa halali. Mkataba uliotiwa saini Mei 2025 unaitambua Mauritius kuwa mwenye visiwa, lakini Diego Garcia, kisiwa chenye kambi ya kijeshi ya Marekani na Uingereza, unaiacha mikononi mwa Uingereza kwa miaka 99. Huyo ni mwenye nyumba aliyepewa hati huku mpangaji akibaki na chumba kikubwa. Wachagosi waliofukuzwa kati ya 1968 na 1973 hawakutia saini popote.

Tuvalu, nchi ya visiwa vya Pasifiki, ikizama, itabaki kuwa dola? (Msomaji, Kigali)

Katiba yake ya mwaka 2023 inasema itabaki, na Mkataba wa Falepili kati yake na Australia unakubali hivyo. Mkataba huohuo huwafungulia njia ya kuhamia Australia watu 280 kila mwaka, kutoka taifa lisilofikisha watu 12,000, lakini unaitaka Tuvalu ikubaliane kwanza na Australia kabla ya kuingia mapatano ya ulinzi na nchi nyingine. Viongozi wa visiwa vyetu wanaousifu mkataba huo waisome ibara ya ulinzi kabla ya ile ya viza.