Fundi wa umeme unayeingoja treni, anza na mkono ulio juu ya paa

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, kisha ikafika Dodoma mwezi uliofuata, vijana ninaowafundisha umeme hapa Nairobi wana swali moja: tusome nini ili siku treni zetu zikiacha dizeli tusiachwe nje? Wengi wanakuja na jibu lao mfukoni. Wanataka mota, wanataka kompyuta zinazoendesha mota. Mimi nawaambia waanze na pantografu, ule mkono wa chuma uliojikunja kama kiwiko juu ya paa, unaogusa waya na kuteremsha stima ndani ya treni.

Mota moja ikifa, treni hujikokota na zilizobaki. Pantografu ikinasa waya, yaweza kuung'oa kwa mamia ya mita, na kila treni inayotegemea waya huo inasimama. Piga picha ya saa kumi na mbili asubuhi, watu wa Ruiru na Githurai wamejazana behewani, na waya umelala relini. Kwa fundi wa treni za mjini hakuna kazi kubwa kuliko kuhakikisha hilo halitokei.

Huhitaji kungoja serikali ijenge nguzo ndipo uanze kujifunza. Nenda Kirinyaga Road, mwombe fundi wa stata za magari akupe kaboni zilizokwisha. Zitazame vizuri: zimelika, lakini shaba iliyokuwa ikizisugua haijaumia sana. Juu ya treni kanuni ni hiyo hiyo: pantografu huugusa waya kwa vipande vya kaboni vilivyo kichwani mwake. Kaboni ni laini makusudi, ili iishe yenyewe na waya wa shaba udumu miaka mingi, maana kubadilisha kaboni ni kazi ya karakana, na kubadilisha waya ni kufunga reli. Ndiyo sababu waya haunyooshwi katikati ya reli. Hupindishwa kushoto na kulia, sentimita 20 hivi kila upande, kaboni ipate kulika sawasawa badala ya kuchimbwa mfereji mahali pamoja. Nilipopanda ile treni ya Dar nilisimama jukwaani nikaufuata waya kwa macho, na mpindo huo unaonekana wazi kabisa ukijua unachotafuta.

Kinachofuata ni nguvu ya kusukuma. Kwenye njia za volti 25,000 mkono husukuma waya kwa nyutoni 70 hivi treni ikiwa imesimama, yaani kama uzito wa kilo 7. Ukisukuma kidogo, kaboni inaachana na waya na cheche zinazounguza vyote viwili zinaruka. Ukisukuma sana, unauinua waya na kuula. Karibu kila muundo mpya wa pantografu utakaousoma unahangaika na jambo hilo moja: usiuachie waya, usiuumize.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha mkono mmoja uliojikunja na kuuita mpya, mpite. Umbo hilo lilitoka kwa Mfaransa Louis Faiveley mwaka 1955, likachukua nafasi ya lile la zamani la almasi. Mapya ya kweli yako kwingine. Kichwa kimepunguzwa uzito na kila ukanda wa kaboni ukapewa springi zake, ili ufuate mawimbi ya waya bila kuuvuta mwenzake. Shinikizo la hewa linaloinua mkono linarekebishwa na kompyuta kulingana na mwendo. Kamera na vihisio vinafungwa kwenye treni za kawaida za abiria, zikawa zinaukagua waya kila siku zikiwa kazini.

Lakini kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha kujiangusha. Ndani ya kaboni kuna mfereji mwembamba uliojaa hewa yenye shinikizo. Kaboni ikipasuka au ikilika kupita kiasi, hewa inatoroka, vali inafunguka, na mkono unaanguka wenyewe kabla haujauchana waya. Dereva hana haja ya kufanya lolote. Karakanani tumekiiga kwa silinda ya hewa, mpira na kompresa ya kupulizia rangi: ukitoboa mpira kwa msumari, mkono unashuka. Nakuomba uunde hicho hata kama hutaunda kingine. Kijana aliyekiona kikifanya kazi hasahau tena.

Kisha shika kalamu. Treni inayovuta megawati 4 kutoka kwenye waya wa volti 25,000 inapitisha takriban ampea 160 kwenye mguso ule mdogo. Ikivuta hizo hizo kwa volti 1,500 za mkondo mnyoofu (DC), ni ampea zaidi ya 2,600. Ndiyo maana njia za volti ndogo zina nyaya nene, mara nyingi mbili sambamba, na mikono yake husukuma kwa nguvu zaidi. Kabla ya kuisifu pantografu yoyote, uliza kwanza ni ya volti ngapi.

Sasa mambo ya kwetu, ambayo hakuna kiwanda cha ng'ambo kitakachokufikiria. Wale korongo wakubwa wanaojenga viota kwenye miti ya karibu na uwanja wa Nyayo wana mabawa yanayozidi mita 2 yakikunjuliwa. Ndege wa ukubwa huo akigusa waya na chuma cha nguzo kwa pamoja, umeme wa njia unakatika. Halafu kuna wezi wa shaba. Mwaka 2022 serikali ilisimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu baada ya nguzo za umeme zilizong'olewa vyuma kuanguka na nchi kukosa stima, na waya wa treni ni shaba iliyoanikwa barabarani. Na kuna Kibera, ambako vibanda vimesogea hadi kando ya reli na watu hupita hapo na mabati na nondo mabegani. Umeme wa volti 25,000 hausubiri kuguswa, huruka hewani. Uingereza hukataza mtu kusogea chini ya mita 2.75 kutoka kwenye waya ulio hai. Jifunze kulieleza hilo kwa lugha ambayo mama muuza mboga wa kando ya reli ataielewa, na uwe tayari kumweleza kabla ya waya kutiwa umeme. Naihesabu hiyo kuwa sehemu ya ufundi kama ilivyo kubadilisha kaboni.

Jambo la mwisho ni treni za betri. Naziona zikitufaa, kwa sababu zinaweza kuinua pantografu kituoni tu, zikajichaji, kisha zikapita Kibera bila waya wowote juu ya vichwa vya watu. Tatizo lake linarudi kwenye ile kaboni ya Kirinyaga Road. Treni ikitembea, joto la mguso husambaa kwenye waya mrefu. Ikisimama, lote linakaa pointi moja, shaba inalainika, na waya uliolainika hukatika. Akija mtu na mradi wa namna hiyo, muulize ampea ngapi zitapita treni ikiwa imesimama, kwa dakika ngapi, na kupitia vipande vingapi vya kaboni.