Kabla hujapiga picha gofu, tafuta mzee

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kimamba aliniandikia: "Kaka, nami nataka kutembelea mambo ya kale kama wewe, ila hela ya Ngorongoro sina. Nianzie wapi?" Nilicheka peke yangu. Mtu yuko Kimamba, penye historia ya mkonge tele, anauliza aanzie wapi! Halafu nikakumbuka kuwa hata mimi nilikuwa hivyohivyo.

Nimekulia Muheza. Babu mzaa mama alitoka Kasulu akiwa kijana, akaletwa Tanga kama manamba, yaani kibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge. Kwetu neno hilo lilikuwa tusi. Wajomba wakigombana ndipo unalisikia. Basi miaka yote ya shule nilipita kando ya korona (kiwanda cha kusindika mkonge) ya shamba la zamani, bati limeoza, popo wamejaa, na sikuwahi kuuliza kitu.

Nilipopata simu ya maana nikaanza kupiga picha. Iliyonipa sifa ni ya korona hiyo. Nikaandika chini yake: "Jela ya Wajerumani, hapa babu zetu walifungwa minyororo." Watu wakasambaza balaa. Siku ya tatu mzee mmoja jirani akaniita barazani. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mjukuu wangu, jela gani ina mashine ya kusindika mkonge?" Mpaka leo nikikumbuka, masikio yananiwaka.

Akanipeleka mwenyewe. Akanionyesha mataruma ya reli ndogo iliyoleta majani kutoka shambani, na pale majani yalipolishwa kwenye ngoma yenye visu butu. Visu havikati, vinaponda na kukwangua, huku maji yakisukuma makapi mtaroni. Alipitisha kidole gumba juu ya chuma chenye kutu taratibu, kama anayepima makali. "Maji yake yanawasha," akasema. "Ukirudi nyumbani mkeo anakusikia harufu kabla hujabisha hodi." Katika kilo 100 za majani, singa, yaani nyuzi zenyewe, ni kilo nne hivi, zilizobaki ni makapi. Na kipande, ile kadi ya kibarua: siku 30 za kazi, na siku usiyomaliza kazi yako haihesabiwi. Babu yangu alikuwa mkataji. Nilikuwa sijui hata hilo.

Baada ya hapo ndipo vitabu viliponinogea. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Mwaka huohuo reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka Tanga, na 1902 ikafika Korogwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 tulikuwa wa kwanza duniani kwa mkonge, tani zaidi ya 200,000 kwa mwaka. Haya yote yamepita mlangoni kwetu, nami nikaandika jela!

Ushauri wangu, basi: tafuta mzee kwanza, picha baadaye. Omba ruhusa kwa mlinzi, maana magofu mengi yana mwenyewe (mimi nimeshafukuzwa na mbwa). Kisha urudi tena kwa yule mzee, kwa sababu siku ya kwanza anakupima tu.

Usitegemee kupigiwa makofi. Kuna ofisi niliipelekea barua kuomba kibao tu cha maelezo, nikajibiwa kwamba utalii ni wanyama. Iliniuma, na bado inaniuma. Lakini Jumamosi iliyopita nilipeleka watu 11 koronani, mzee akiwa mbele na fimbo yake, na hakuna aliyeulizia simba. Ndugu zangu, tunawajua wafalme wa Uingereza kwa majina na namba zao, ila namba ya kipande cha babu hatujui. Aibu hiyo tuibebe wenyewe, tusiwatupie wakoloni.

Dada wa Kimamba, kesho nenda kwenye kijiwe cha wazee, uliza nani alifanya kazi koronani. Beba kilo ya sukari. Simu iache mfukoni.